Jumba la Marseilles, Unguja

Katika mashamba ya mikarafuu nje ya mji wa Unguja palikuwa na jumba lililoitwa Marseilles. Jina hilo lilitoka kwa Sayyid Khalid bin Said, aliyependa mno mambo ya Kifaransa. Khalid alifariki mwaka 1854, miaka miwili kabla ya baba yake, Sultani Sayyid Said, na shamba likawa la binti za Khalid. Anayetaka kulijua jumba hilo leo hana budi kufukua maandishi, nayo ni ya namna mbili: karatasi za Rigby, konseli wa Uingereza, na kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Mazoea ni kutanguliza karatasi za serikali. Kwa nyumba hii mazoea hayo yanapotosha. Shahidi wa kutangulizwa ni Salme.

Konseli alikuwa na sababu moja tu ya kuliandika Marseilles. Oktoba 1859 Sayyid Barghash, akimwasi nduguye, Sultani Majid, alijifungia humo na wafuasi wake, na jeshi la Majid likalishambulia kwa msaada wa wanamaji wa Kiingereza. Barghash alitoroka usiku akarudi mjini, akasalimu amri, akapelekwa Bombay. Nyumba inayoingia kwenye karatasi za serikali kwa mlango huo huonekana ngome tupu. Salme ndiye anayetuingiza vyumbani: sakafu ya marumaru nyeusi na nyeupe, saa yenye vinyago vinavyocheza inapogonga, kuta zilizofunikwa vioo, isipokuwa katika vyumba vya kusalia.

Atakayepinga ana hoja nzito. Kitabu cha Salme kilitoka zaidi ya robo karne baadaye, naye aliandika akiwa ugenini, na hakuwa mtazamaji tu: akiwa msichana wa miaka kama 15, ndiye aliyewaandikia waasi barua zao. Kwa hiyo anapogawa lawama kati ya ndugu zake, tumsome kwa tahadhari. Lakini marumaru haina upande katika ugomvi wa Barghash na Majid, naye hakuficha sehemu yake katika uasi. Tena aliyekuwa mwandishi wa njama alijua jinsi jumba lilivyojazwa chakula na kugeuzwa boma, hivyo hata kuhusu vita ushahidi wake unatoka ndani. Je, hamu ya kwao haikuipamba nyumba? Huenda iliing'arisha kidogo. Mimi hushikilia vile vyumba vya kusalia: anayepamba kwa hamu angetandaza vioo kila ukuta, ila anayekumbuka huacha ukuta mtupu pale ulipokuwa mtupu.

Kuna jambo ambalo hata Salme halimalizi, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Jumba lilisimama kwa karafuu, na karafuu ilichumwa na watumwa. Kimbunga cha Aprili 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na mwaka wake na mwezi wake tunaujua. Wachumaji wa Marseilles hatuna hata majina yao. Rigby alikomboa watumwa wengi, akawaandikisha, lakini walikuwa wa Wahindi waliohesabiwa raia wa Uingereza. Shamba hili lilikuwa la ukoo wa Sultani. Orodha zile hazikulifikia.