Ndege ya mtoto ndiyo iliyotangulia



Wiki hii zamu ya kuandika ni yangu. Nimechagua jambo ambalo limetugawa hapa Ngagara tangu likizo ianze: zile ndege wadogo zetu wanazotengeneza. Wanachukua lile sponji jeupe linalokuja ndani ya katoni ya televisheni, wanalikata kwa wembe, wanaweka vijiti vya matete ndani ya bawa na kubandika kwa gundi. Wakubwa kidogo sasa wanatafuta rimoti na moteri, ili ndege iongozwe kutoka chini. Wazazi wengine wanafurahi kwamba watoto wametulia mahali pamoja. Wengine wanasema ziachwe kabisa, hayo ni mambo ya vita.

Siwezi kuwacheka hao wanaokataza. Kati yetu kuna watu waliovuka Rusizi Februari 2025, wakalala uwanjani Rugombo, na kabla ya hapo walikaa miezi wakisikiliza juu. Mtu wa hivyo akisikia kamoteri kadogo kanalia angani, hafikirii mchezo. Anawaita watoto waingie ndani. Kwa hiyo swali ni la kweli, na linahitaji jibu la kweli. Mimi nimetafuta jibu katika historia, maana tunasemaga drone ni kitu kipya kilichotoka jeshini kikafika kwa watoto. Ukifuatilia vizuri unakuta safari ilikwenda kinyume.

Tuanze Paris, Agosti 1871. Kijana Mfaransa wa miaka 21, Alphonse Pénaud, alikuwa na ugonjwa wa nyonga, akitembea kwa shida, na kazi ya majini aliyoitaka hakuipata kwa sababu hiyo. Akajikalia na vijiti, karatasi na mpira. Alitengeneza kindege chenye urefu wa nusu mita hivi. Mpira uliosokotwa mara nyingi ulipojifungua, ulizungusha pangaboi. Tarehe 18 Agosti alikirusha katika bustani ya Tuileries mbele ya wataalamu. Kikaenda kama mita 40 kwa sekunde 11, hakuna mkono uliokigusa.

Siri yake ilikuwa kwenye mkia. Aliuweka kwa pembe ndogo kuliko ya bawa, hivyo pua ikitaka kuinuka au kuanguka, ndege inajirekebisha yenyewe. Wadogo zetu wa Ngagara wanaijua siri hiyo bila kuisoma: wanainamisha mkia kidogo, wanarusha, wanaangalia, wanainamisha tena. Pénaud baadaye alichora ndege kubwa ya watu wawili, lakini hakupata mtu wa kumpa pesa za kuijenga. Alifariki 1880, akiwa na miaka 30 tu.

Vidude vyake ndivyo vilivyobaki. Mwaka 1878 huko Marekani, mchungaji Milton Wright aliwaletea wanawe wawili zawadi: kitu cha kuruka cha mianzi, koki na karatasi, chenye kuendeshwa na mpira, cha aina aliyoibuni Pénaud. Wilbur alikuwa na miaka 11, Orville 7. Kikavunjika. Watoto wakatengeneza kingine kwa kuiga, na kingine tena. Walipokua wakafungua duka la baiskeli. Wote wawili hawakupata diploma ya sekondari. Tarehe 17 Desemba 1903 wakarusha ndege ya kwanza ya moteri yenye mtu ndani, akiiongoza. Mruko wa kwanza ulichukua sekunde 12 na kufika mita 36 na kitu.

Hebu linganisheni. Kindege cha mpira cha 1871: sekunde 11, mita 40. Ndege kubwa ya 1903, mruko wa kwanza: sekunde 12, mita 36. Ni kweli kwamba siku hiyohiyo mruko wa nne ulifika sekunde 59, na toka hapo dunia ikabadilika. Lakini kwa miaka 32 kitu cha mchezo ndicho kilikuwa mbele. Kwa hiyo mtu akimwambia mtoto aache upuuzi ajifunze mambo ya maana, ajue kwamba upuuzi huo ulimtangulia Wright.

Na kabla hatujaisifu historia sana, tukumbuke ule mpira. Miaka ya 1890 dunia iliutaka mwingi, hasa kwa magurudumu ya baiskeli, na watu wa Kongo chini ya Leopold II waliulipia kwa mikono yao na kwa uhai wao. Kitu kimoja kilimfurahisha mtoto upande mmoja na kumwangamiza mtoto upande mwingine. Jambo hilo tutalikuta tena.

Sasa tuje kwetu ziwani. Ndege za kwanza katika Ziwa Tanganyika hazikuja kuleta barua wala dawa. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wabelgiji walileta ndege za Uingereza za kutua majini, aina ya Short. Zilikuja kwa meli kutoka Ulaya zikiwa zimefunguliwa vipande, zikapandishwa kwa mto na reli kuvuka Kongo nzima, zikaunganishwa karibu na mji ambao leo ni Kalemie. Juni mwaka huo zikarusha mabomu Kigoma, zikiitafuta meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe wakaizamisha meli hiyo Julai 1916 walipokimbia. Baadaye iliibuliwa, na jina lake leo ni Liemba. Mei 2015 meli hiyohiyo ilichukua maelfu ya Warundi waliokimbilia Kagunga ikawapeleka Kigoma. Iliundwa na wakoloni, ikatumika vitani, ikaja kuwa wokovu wa wakimbizi. Chuma hakina kabila wala chama.

Turudi kwa vindege. Kuongoza kitu kwa redio kulianza na mashua. Mwaka 1898 Nikola Tesla alionyesha New York mashua ndogo aliyoiendesha bila waya, na watu hawakuamini macho yao. Kwa ndege ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu redio za zamani na betri zake zilikuwa nzito, na ndege haisamehi uzito. Mwaka 1937 mapacha wawili wanafunzi wa Michigan, Walter na William Good, walifaulu kurusha ndege yao, Guff, na kuiongoza kwa redio. Bawa lake lilikuwa zaidi ya mita 2. Waliijenga wenyewe, na redio yake wakaijenga wenyewe pia. Leo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian kule Marekani. Kwa miaka mingi baadaye, wapenzi wengi wa mchezo huu waligeuza usukani wa mkia kwa mpira uliosokotwa: redio ilifungua tu kizuizi, mpira ndio ulifanya kazi. Yaani Pénaud bado alikuwemo.

Jeshi nalo liliona. Uingereza ilikuwa imeshatengeneza mwaka 1935 ndege isiyo na rubani iliyoitwa Queen Bee, yaani malkia wa nyuki, ili askari wa mizinga wapate kitu cha kulenga. Inasemekana jina drone, ambalo ni nyuki dume, lilitoka katika utani huo. Huko Hollywood mwigizaji wa sinema Reginald Denny, aliyekuwa amepigana angani Vita vya Kwanza, alipenda sana ndege za mchezo hadi akafungua duka la kuziuza. Kutoka dukani akaingia kiwandani. Kampuni yake, Radioplane, ilitengeneza karibu ndege 15,000 za kulengwa na askari wakati wa Vita vya Pili. Binti mmoja aliyefanya kazi pale alipigwa picha na mpiga picha wa jeshi mwaka 1945, na ulimwengu ukaja kumjua kwa jina la Marilyn Monroe.

Mmeona njia ilivyokwenda? Kwanza mtoto, halafu duka la michezo, halafu jeshi. Drone zinazowatisha watu wetu ni wajukuu wa kitu cha kuchezea.

Lakini ukoo huo una wajukuu wengine, na wako jirani kabisa. Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulirusha drone zake za kwanza za uchunguzi pale Goma. Hazikuwa na silaha, zilikuwa na kamera. Oktoba 2016 kule Muhanga, Rwanda, kampuni ya Zipline ilianza kupeleka damu hospitalini kwa vindege vinavyorushwa kwa mtambo kama manati na kudondosha boksi kwa parashuti. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hangoji tena gari lipande milima. Mwaka 2018 Tanzania ilijaribiwa drone ya kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40. Na Zanzibar, kuanzia 2016, wanafunzi wa chuo kikuu cha serikali walipiga picha visiwa vyao kutoka juu ili kutengeneza ramani. Kindege walichotumia kilikuwa cha sponji na kilirushwa kwa mkono. Sponji, wandugu! Ukikiweka kando ya kile cha mdogo wako, tofauti kubwa utaikuta katika kamera na kompyuta ndogo iliyo tumboni.

Upande wa pili nao ni wa kweli, siuficha. Miaka hii ya karibuni drone zenye mabomu zimetumika katika vita vya Kivu. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema hao wazazi ni washamba. Hawaogopi sponji. Wanakumbuka walichoona, na kumbukumbu haiponi kwa kuambiwa nyamaza.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Tukiwakataza watoto, hatutapunguza hata drone moja ya vita. Waliozituma hawakuomba ruhusa kwa wazazi wa Ngagara. Tutakachopunguza ni idadi ya watoto wetu wanaojua kwa nini kitu kinaruka. Halafu miaka 20 ijayo watu wengine ndio watakuja kutupigia picha kutoka juu, kututengenezea ramani na kutuletea damu, na sisi tutabaki wa kuangalia juu tu.

Lakini pia tuwe na adabu. Mtaa huu ulijengwa na Wabelgiji miaka ya 1950 kupitia ile ofisi ya OCAF, nyumba zimepangwa kwa mistari na leo watu wamebanana. Uwanja wa ndege hauko mbali, na ndege zenye watu zinapita. Napendekeza mambo manne.

Kwanza, hapa mtaani zirushwe zisizo na moteri tu, kwa mkono. Mtoto ajifunze uzani kwanza. Sehemu ambapo ndege inasawazika kidoleni iwe kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa ukipima kutoka mbele. Pua ikizidi uzito inapiga chini, mkia ukizidi inapanda, inasimama, inaanguka. Hilo ni somo la fizikia na halina karo.

Pili, zenye moteri na rimoti zisirushwe kabisa mpaka wakubwa wa kikundi waulize viongozi wa mtaa na wenye mamlaka ya anga. Kamera zisiwekwe. Sisi ni wageni, na mgeni mwenye kamera angani hatajieleza akaeleweka.

Tatu, kabla ya kurusha, watoto wapite nyumba za karibu wawaambie wamama na wazee: tunarusha sasa, ni vyetu, vya sponji. Anayetaka aje avishike kwa mkono wake. Aliyezoea kitu cha angani kuja bila taarifa, mara hii apewe taarifa.

Nne, kila anayetengeneza aandike katika daftari: urefu, uzito, ilienda hatua ngapi, ilianguka vipi. Ndugu wawili wa duka la baiskeli walifika mbali kwa sababu walipima na kuandika.

Katika Kiswahili kiumbe chenye manyoya na mashine ya chuma vyote tunaviita ndege. Kirundi kimechukua neno letu kwa ile mashine, indege, lakini chenye manyoya kimekiachia jina lake, inyoni. Nadhani wadogo zetu wanastahili kurudishiwa maana zote mbili, na isiwe ile moja tu ya kukimbia.

Wazazi mnaopinga, tafadhali andikeni hapa chini, hata kwa sauti kama kuandika ni kazi. Nitasoma na kusikiliza zote kabla hatujakaa na watoto Jumamosi. Nanyi wenzetu wa Musenyi na kambi nyingine, tuambieni kwenu mnafanyaje.