Salginatobel: daraja la zege lililojengwa kwa ajili ya kijiji cha mlimani

Wasikilizaji wetu wengi mnaijua shida ya kuishi ng'ambo ya korongo. Schuders, kijiji kidogo kwenye milima ya jimbo la Graubünden nchini Uswisi, kilikuwa nayo. Barabara ya kupanda huko kutoka Schiers ililazimika kuvuka korongo la kijito cha Salgina. Iliwasilishwa michoro 19, ukachaguliwa wa mhandisi Robert Maillart kwa kuwa gharama yake ilikuwa ndogo kuliko yote. Ujenzi ulianza 1929, na mwaka 1930 daraja likafunguliwa.

Ni tao moja la zege lenye nondo, mita 90 kutoka mguu hadi mguu, bila nguzo yoyote chini korongoni. Upana ni kama mita tatu na nusu, kwa hiyo gari moja linasubiri lingine lipite.

Unafuu ulitoka wapi? Kwanza, tao lina uwazi ndani kama sanduku. Pili, jukwaa la mbao lilibeba sakafu nyembamba ya chini tu. Ilipokauka na kuwa ngumu, sakafu hiyo ikasaidia kubeba zege lililofuata. Jukwaa hilo, kazi ya Richard Coray, lilikuwa daraja kwa haki yake.

Umbo lenyewe lilifundishwa na nyufa. Mwaka 1901 Maillart alijenga daraja huko Zuoz, na baada ya muda mfupi kuta zake zikapasuka karibu na kingo. Aliona kuwa sehemu zile hazikuwa zikibeba kitu. Katika daraja la Tavanasa la 1905 akaziondoa kabisa. Hilo lilibomolewa na maporomoko ya ardhi mwaka 1927, lakini umbo lake likarudi Salgina: tao jembamba miguuni na kileleni, nene katikati ya hapo. Penye wembamba pana bawaba, tatu kwa jumla. Zege linapotanuka kwa joto au kusinyaa kwa baridi, tao hupanda na kushuka kidogo bila kuvunjika.

Mwaka 1991 wahandisi wa Marekani walilitambua kuwa alama ya kihistoria ya uhandisi duniani. Hata hivyo, maji yalikuwa yakipenya kutoka juu na kulila zege, na mwishoni mwa miaka ya 1990 likafanyiwa ukarabati mkubwa. Wakazi wa Schuders bado wanapita hapo.