Mwendelezo njoo inboksi

Wasomaji wa hadithi za Facebook wanaujua mtego huu. Sehemu ya kwanza bure, ya pili bure, mpaka ya kumi na tisa. Kijana kajificha uvunguni, mlango unagongwa, mwenye nyumba karudi safari bila taarifa. Hapohapo hadithi inakatika: iliyobaki ni shilingi 1,000, mwendelezo njoo inboksi. Unatuma hela kwa simu, unapiga skrinishoti ya muamala, unamrushia mwandishi, naye anakurushia PDF.

Wengi tunadhani biashara hii imezaliwa juzi pamoja na vifurushi vya intaneti. Kumbe ina wazee wake. Aliye karibu zaidi ni gazeti. Eric Shigongo alijijengea jina kwa hadithi za mfululizo katika magazeti yake, na neno lililouza nakala za toleo lililofuata lilikuwa moja tu, chini kabisa ya safu: Itaendelea. Lakini gazeti lilikuwa na ulinzi wake wa asili. Ukimwazima jirani, wewe huna. PDF haina adabu hiyo. Ukimpa jirani unabaki nayo, naye akimpa shemeji yake mnayo wote watatu. Utalipwaje kwa kitu cha namna hiyo?

Swali hilo liliwakuta Wamarekani wawili mwaka 1982, enzi za disketi. Jim Knopf, mfanyakazi wa IBM katika jimbo la Washington, alikuwa na programu ya kutunza orodha za majina, aliyoianza kwa ajili ya kuchapa anwani za waumini wa kanisa lake. Watu wakaiomba, akawapa. Kila aliporekebisha kasoro, ikabidi awatumie tena disketi kwa gharama zake. Alipochoka, akapachika ujumbe ndani ya programu: nakili, wagawie wenzako, na kama inakufaa nitumie dola 10. Wakati huohuo kule California, Andrew Fluegelman, mhariri na mchapishaji wa vitabu, alikuwa akiigawa vivyo hivyo programu yake ya PC-Talk, iliyowezesha kompyuta kuzungumza kwa laini ya simu. Yeye aliomba dola 25. Mtu aliyekutana na disketi za wote wawili ndiye aliyewatambulisha. Wakakubaliana kutajana, programu ya Knopf ikaitwa PC-File, bei zikalingana. Bahasha zenye fedha zilimiminika mpaka Knopf akaacha kazi IBM.

Aliyeusukuma mchezo mbele zaidi ni Bob Wallace, mmoja wa wafanyakazi wa mwanzo kabisa wa Microsoft. Mwaka 1983 alitoa programu ya kuandikia, PC-Write, ambayo kujisajili kulikuwa dola 75. Aliyejisajili alipewa nakala yenye namba yake. Akiigawa, na aliyegawiwa naye akajisajili, mgawaji alipata dola 25. Mnaolipwa kamisheni kwa kusambaza linki za kozi za watu, mzee wenu ndiye huyo. Wallace alimgeuza mnakili, ambaye watengenezaji wengine wa programu walimwona mwizi, kuwa wakala wake.

Wachapishaji wa vitabu hawakuwa na moyo huo. Wao waliamini kufuli. Adobe ilikuwa imezindua PDF mwaka 1993, na ilipofika Machi 2000 kampuni ya Simon & Schuster ikatoa hadithi ya Stephen King, Riding the Bullet, kwa njia ya intaneti peke yake, dola 2.50, ikiwa imefungwa isinakilike. Maombi yalizidi 400,000 katika saa 24 za kwanza. Kufuli lenyewe lilivunjwa baada ya siku chache tu, na hadithi ikawa inazurura mitandaoni bure.

Miezi minne baadaye King akajaribu kinyume chake, na hapa ndipo ninapopapenda. Aliiweka The Plant kwenye tovuti yake kwa sehemu, bila kufuli na bila mchapishaji, dola moja kwa sehemu. Sharti lake lilikuwa la kiungwana: wakilipa angalau asilimia 75 ya wanaoichukua, ataendelea. Sehemu ya kwanza ililipiwa na kama asilimia 76. Kufikia ya nne, aliyopandisha hadi dola mbili, waliolipa walikuwa asilimia 46 tu. Ya sita aliitoa bure Desemba mwaka huohuo, akaenda kushughulika na vitabu vingine. Hadithi haijaisha mpaka leo.

Wakosoaji walisema wasomaji ni wezi. Sidhani. King aliruhusu mtu achukue kwanza, alipe baadaye, na kulipa dola moja mtandaoni mwaka 2000 kulihitaji kadi ya benki na kujaza fomu kwenye kompyuta. Mtu keshasoma, usingizi unamjia, fomu ya nini? Mwandishi wetu wa Facebook anaanza na hela, na hela yenyewe haina usumbufu. M-Pesa iliingia Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na tangu hapo elfu moja inaondoka mfukoni kabla akili haijashauriana na moyo.

Kwa mpango huu wa kulipa kwanza hasara imehamia kwa mnunuzi. Niliwahi kulipia kitabu cha ufugaji wa kuku wa kienyeji kutoka kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Nikaletewa kurasa tisa zilizopigwa picha kwa simu, mbili kichwa chini, na ratiba ya chanjo imefunikwa na kidole cha mpigapicha. Nilipouliza, nikakuta nimeblokiwa.

Waandishi wenye akili zaidi hawauzi hata PDF. Wanafungua grupu la WhatsApp la kulipia, wanatupia sehemu moja kila usiku, na asiyelipa mwezi unaofuata anaondolewa. Hadithi iliyokamilika ni bidhaa iliyokufa, kwa sababu kesho itakuwa kwa kila mtu. Sehemu ya kesho usiku haiwezi kunakiliwa, maana hata mwandishi hajaiandika.

Binti wa jirani yangu alilipia ile ya kijana wa uvunguni. Asubuhi PDF ilikuwa tayari kwa rafiki zake watano, na mama yake naye alikuwa anaisoma jikoni huku maharage yanaungua. Jioni nikamuuliza kama anadhani mwandishi amekasirika. Akanionyesha simu. Mwandishi alikuwa ameshaanza nyingine, sehemu ya kwanza, bure.