Watafiti na Wasaidizi Wao Kando ya Mto Tana: Kutoka Vielelezo vya Kima hadi Tishu ya Ubongo

Katika miaka ya karibuni imezuka kazi mpya ya kisayansi ambayo watendaji wake hukuza maabarani tishu ya ubongo, yaani mkusanyiko wa seli za neva zinazoishi nje ya mwili, kisha huiunganisha na kompyuta ili ipokee ishara za umeme na kuzijibu. Kazi hiyo inafanyika Melbourne, Baltimore na Vevey nchini Uswisi, na historia yake imezoeleka kuandikwa kana kwamba ilianzia katika maabara hizo. Hata hivyo, sayansi ya viumbe haianzii maabarani: kabla ya maabara huwapo kiumbe aliyetoa mwili wake au sehemu ya mwili huo, mtu aliyejua mahali kiumbe huyo anapopatikana, na ruhusa iliyoombwa ama isiyoombwa. Mambo hayo matatu yanaonekana waziwazi katika bonde la chini la Mto Tana, kuanzia Hola na Wenje kuteremka hadi Garsen na delta ya mto huo, ambako utafiti wa jamii ya nyani umekuwa ajira ya watu kwa vizazi kadhaa, na ambako swali la nani aliulizwa kabla ya msitu kutwaliwa liliwahi kufikishwa mahakamani.

Kumbukumbu za maandishi zinaanzia mwaka 1878, wakati Gustav Adolf Fischer, daktari Mjerumani aliyekuwa akiishi Unguja, alipoupanda Mto Tana pamoja na Clemens Denhardt, ambaye yeye na nduguye baadaye walijipatia ardhi Witu, upande wa mashariki wa Garsen, na kuiingiza Ujerumani katika siasa za pwani hiyo. Vielelezo vya wanyama vilivyokusanywa katika safari hiyo vilipelekwa Berlin, na mwaka 1879 Wilhelm Peters, mkuu wa makumbusho ya wanyama ya mji huo, akawatambulisha kwa wanazuoni kima wawili wasiopatikana kwingineko duniani, yaani mbega mwekundu wa Tana na mangabi wa Tana. Kwa taratibu za uainishaji, ambayo ni elimu ya kuwapanga viumbe katika jamaa zao, jina la aliyemtangaza mnyama huambatana na jina la mnyama huyo daima, na kwa hiyo jina la Peters na mwaka 1879 vimo hadi leo katika kila kitabu kinachowataja kima hao. Wapokomo waliokuwa wakilima kwenye kingo za mto huo, waliowajua mangabi kwa kuwafukuza mashambani na mbega kwa kuwaona juu ya mikuyu kila siku ya maisha yao, hawamo katika vitabu hivyo. Huo ndio mgao wa kwanza wa sifa katika utafiti wa Tana, na mwandishi wa historia hana budi kuuweka mbele kwa sababu umerudiwa mara nyingi baadaye.

Kwa karibu karne nzima baada ya hapo kima wa Tana walibaki majina katika orodha. Mabadiliko yalikuja baada ya Louis Leakey kuanzisha kituo cha utafiti wa nyani huko Tigoni mwaka 1960, kituo ambacho baadaye kilihamia Karen, Nairobi, na kugeuka kuwa taasisi ya taifa ya utafiti wa nyani. Wanyama wa jamii hiyo wakaanza kutazamwa kwa macho mawili: jicho la tabibu, aliyetafuta kwao ufahamu wa magonjwa ya binadamu kwa sababu miili na bongo zao zinakaribiana na za kwetu, na jicho la mwanaikolojia, aliyetaka kujua wanavyoishi msituni. Tana iliangukia kwa wanaikolojia. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 Katherine Homewood aliwachunguza mangabi, na Clive Marsh akawachunguza mbega. Mwaka 1975 Peter Andrews, Colin Groves na mwenzao walichapisha maelezo ya ikolojia ya bonde lote la chini. Na mwaka 1976 Marsh aliandaa mpango wa usimamizi wa msitu, mwaka uleule ambao Hifadhi ya Kitaifa ya Nyani wa Mto Tana ilitangazwa rasmi, ikiwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 170. Ndani yake ikajengwa kambi ya utafiti ya Mchelelo, na kambi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa chuo halisi cha kazi hii.

Inafaa kueleza kwa undani kazi iliyofanywa hapo, kwa maana wanaosoma matokeo yake katika majarida mara chache hufikiria jinsi yanavyopatikana. Msitu wa Tana si pori moja lililoshikana, bali ni vipande vidogovidogo vilivyotawanyika kwenye kingo zote mbili za mto, kutoka Nkanjonja hadi Mitapani, kwa umbali wa kama kilomita 60. Msaidizi wa utafiti hutakiwa kufika chini ya miti ambamo kundi limelala kabla halijashuka, kisha hulifuata kutwa nzima, na kila baada ya muda uliopangwa husimama na kuandika daftarini kila mnyama anayemwona: anakula au anapumzika, yuko ardhini au juu, na kama anakula, ni tunda, jani changa, ua au mbegu ya mti upi. Mbega hukaa juu na hawendi mbali, lakini mangabi hutembea sana ardhini, huvuka vichaka ambamo nyati hujificha, na humpotea mtu asiyezijua njia zao. Zaidi ya hayo kuna miti iliyopigwa nambari ambayo lazima ikaguliwe kila mwezi ili ijulikane imetoa nini. Mtu anayeweza kuutambua mti kwa gome lake, na kumtofautisha mangabi mmoja na mwenzake kwa mkia au kovu, hakufundishwa hayo chuo kikuu. Amekulia Mnazini, Baomo au Wenje, na elimu hiyo aliirithi kwa wazee waliojua mti gani huchongwa mtumbwi na mti gani huachwa.

Ushahidi mzuri wa thamani ya elimu hiyo ni utafiti wa Margaret Kinnaird kuhusu mkindu, uliochapishwa mwaka 1992. Kinnaird alionyesha kwamba mkindu hugombaniwa na walaji wawili, mangabi wanaotegemea matunda yake na watu wanaochukua makuti kwa kusuka mikeka na kugema tembo, na kwamba haiwezekani kuulinda bila kuwaelewa wote wawili. Hoja ya namna hiyo haiwezi kujengwa na mtu asiyekaa na wagemaji na wasukaji wakamweleza kazi yao.

Kutokana na Mchelelo na misitu inayoizunguka zilizaliwa kazi kubwa za kitaaluma. Homewood akawa profesa London. Marsh akaendelea na uhifadhi Sabah, Malaysia. Kinnaird akaja kuongoza kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia. Wakenya nao waliingia: Geoffrey Wahungu, aliyelinganisha chakula cha mangabi na cha nyani wa manjano, alifundisha Chuo Kikuu cha Moi na baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, naye David Mbora, aliyechunguza jinsi kukatika kwa msitu kunavyowaathiri mbega na mangabi, akawa profesa California. Wasaidizi wa vijijini, kwa desturi ya taaluma ya miaka hiyo, hutajwa katika aya ya shukrani. Watafiti hao walifanya kazi ya kweli katika joto, mbu na mafuriko, na wengi wao waliipenda Tana kwa dhati. Lakini desturi waliyoirithi ilimpandisha cheo mwenye kuandika na kumwacha mwenye kuonyesha palepale alipokuwa.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la ruhusa. Hifadhi ya 1976 ilizungushiwa mipaka katika ardhi iliyolimwa na kulishiwa mifugo, na Gasa, baraza la wazee wa Kipokomo lililokuwa na mamlaka ya kimila juu ya ardhi na msitu, halikupewa nafasi ya mwenye mali. Miaka ya 1990 Benki ya Dunia na Mfuko wa Mazingira wa Dunia walipoleta mradi wa kuwanusuru kima, suala la kuwahamisha wakazi lilizusha upinzani mkali na mradi ukafungwa kabla ya kukamilika. Januari 2007 Mahakama Kuu iliamua kwamba hifadhi haikuanzishwa kwa kufuata sheria, kwa kuwa wenyeji hawakushirikishwa. Wako waliolia kwamba hukumu hiyo iliwahukumu kima. Tafsiri iliyo karibu zaidi na haki ni kwamba deni la miaka 31 lilidaiwa siku hiyo. Baadaye jumuiya za wenyeji, ikiwamo ile ya Ndera, zilianzisha hifadhi zao wenyewe, na hatua hiyo inaonyesha kwamba ugomvi haukuwa na mnyama.

Wakati mahakama inatoa hukumu hiyo, bonde lilikuwa katika msiba mwingine unaoirudisha habari hii kwenye maabara. Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbu na kuwapata pia binadamu, ilizuka Garissa Desemba 2006 baada ya mvua kubwa, ikashuka hadi Tana River, na kuua watu zaidi ya 150 nchini. Ili kukikuza kirusi cha aina hiyo, maabara nyingi duniani hutumia seli zijulikanazo kama Vero, ambazo zilitokana na figo ya tumbili mmoja wa Afrika na kuanzishwa katika Chuo Kikuu cha Chiba, Japani, mwaka 1962. Seli hizo zimeendelea kugawanyika tangu hapo, na juu yake zimesimama chanjo na ajira zisizohesabika. Ufundi huo wa kuotesha seli nje ya mwili ulifunguliwa mwaka 1907 na Ross Harrison wa Johns Hopkins, Baltimore, aliyeutazama unyuzi wa neva ya kiinitete cha chura ukirefuka ndani ya tone lililoning'inia chini ya kioo.

Kutoka hapo hadi tishu ya ubongo hatua zake zinajulikana. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto alizirudisha seli za ngozi ya panya katika hali ya uchanga, na mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu, kiasi kwamba seli ya ngozi au damu ingeweza kuelekezwa iwe seli ya neva. Mwaka 2013 Madeline Lancaster na Jürgen Knoblich, Vienna, walikuza vipande vya tishu vya kama milimita 4 vilivyojipanga kwa kufanana na ubongo mchanga. Mwaka 2022 kundi la Brett Kagan, Melbourne, lilitangaza kwamba seli za neva zipatazo 800,000, za binadamu na za panya, zilizooteshwa juu ya chipu yenye elektrodi, zilijirekebisha na kuucheza mchezo rahisi wa mpira wa kwenye skrini. Na mwaka 2023 Lena Smirnova na Thomas Hartung, tena Johns Hopkins, walichapisha mpango wa taaluma nzima ya kompyuta ya namna hiyo, wakisisitiza kwamba wanamaadili wawemo tangu mwanzo. Kazi zinazohitajika humo ni za mwoteshaji wa seli, mpimaji wa umeme wa neva, mwandishi wa programu na mtaalamu wa maadili, na juu ya yote mtoa seli, ambaye huhesabiwa mara chache.

Kwa kuwa maabara za Ulaya zimekwisha kukuza tishu ya ubongo wa sokwe kutokana na seli zake ili kuilinganisha na ya binadamu, si jambo la mbali kufikiria kwamba siku moja mtu ataomba seli za mangabi wa Tana. Sampuli za kinyesi ambazo Mbora alizitumia kusoma vinasaba vya kima hao hazitoshi kwa kazi hiyo, kwa sababu kukuza tishu hudai seli zilizo hai. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 kuhusu rasilimali za vinasaba, pamoja na Itifaki ya Nagoya iliyoanza kutumika mwaka 2014, zinamtaka mwombaji apate ridhaa kabla na akubaliane na wenyeji juu ya mgao wa manufaa. Itifaki hiyo haizihusu seli za binadamu. Hizo hulindwa na kamati za maadili ya utafiti na fomu ya ridhaa, na kwa hiyo mkazi wa Garsen atakayeombwa damu atategemea zaidi ubora wa maelezo atakayopewa, kwa lugha anayoielewa.

Njia ya kijana wa Garsen kuzifikia kazi hizo imeanza kuwapo. Kilifi, ambako mpango wa utafiti wa KEMRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, na mfuko wa Wellcome ulianza mwaka 1989 na Charles Newton akachunguza kwa miaka mingi malaria ya ubongo na kifafa kwa watoto, pana pia Chuo Kikuu cha Pwani kinachofundisha bayoinformatiki, yaani matumizi ya kompyuta katika kusoma data za viumbe, na ujuzi huo ni mmoja wa milango ya taaluma mpya. Taasisi hizo, pamoja na serikali ya kaunti iliyoko Hola, zinaombwa zifanye jambo moja lisilo na gharama kubwa: zikusanye nakala za madaftari ya Mchelelo na kuziweka mahali ambapo wanafunzi wa Tana River watazisoma, na ziweke sharti kwamba utafiti wowote mpya katika bonde hilo, uwe wa msituni au wa sampuli za maabara, uwaandike wasaidizi wake wenyeji miongoni mwa waandishi.