Siasa za filamu: Njia ya kujifunza msamiati wa Kiingereza

MWANAFUNZI wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili hufika sekondari na kukuta masomo karibu yote yakifundishwa kwa Kiingereza. Kinachomkwamisha mara nyingi si uhaba wa akili, bali uhaba wa maneno. Hukariri orodha ndefu ya msamiati leo, na baada ya juma moja imeyeyuka, kwa kuwa maneno hayo hayakufungamana na tukio lolote analolijali.

Kwa mpenzi wa filamu, ipo njia iliyo nyepesi zaidi. Habari za siasa zinazowahusu waigizaji, watunzi na wenye studio zimejaa maneno yale yale yatumikayo bungeni, mahakamani na katika uchaguzi. Tofauti ni kwamba hapa maneno yamebebwa na kisa, na kisa kikikumbukwa, neno hukumbukwa pamoja nacho.

Orodha iliyowanyima watu kazi

Neno la kuanzia ni "blacklist". Mwezi Oktoba 1947, kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani iliyokuwa ikiwasaka Wakomunisti iliwaita watu wa Hollywood kutoa ushahidi. Watunzi na waongozaji kumi walikataa kujibu kama walikuwa wanachama wa Chama cha Kikomunisti. Walitiwa hatiani kwa kosa liitwalo "contempt of Congress", yaani kulidharau Bunge, wakafungwa, na wenye studio wakatangaza kwamba hawatawaajiri. Katika miaka iliyofuata majina mengine mengi yaliongezeka.

"Blacklist", basi, ni orodha ya watu wanaonyimwa kazi, iwe imeandikwa au inanong'onwa tu. Neno hilo ni kitenzi pia: "He was blacklisted" maana yake ni kwamba alifungiwa milango ya ajira.

Mmoja wa hao kumi, mtunzi Dalton Trumbo, aliendelea kuandika kwa majina ya bandia. Jina la namna hiyo kwa Kiingereza ni "pseudonym". Mwaka 1957, tuzo ya Oscar kwa hadithi ya filamu "The Brave One" ilitolewa kwa jina la Robert Rich, ilhali aliyeitunga ni Trumbo. Alikabidhiwa sanamu yake mwaka 1975 tu. Kabla ya hapo, mwaka 1960, jina lake halisi lilikuwa limeonekana tena katika filamu "Spartacus". Msomaji akikuta kwamba alipewa "screen credit", asidhani kwamba alikopeshwa fedha. Kwa mfanyabiashara "credit" ni mkopo, lakini kwa mtunzi wa filamu ni kutajwa jina kwa kazi aliyoifanya. Kwa Trumbo, hilo lilikuwa sawa na kurudishiwa heshima yake.

Kutoka filamu hadi ikulu

Ronald Reagan alikuwa mwigizaji, kisha rais wa chama cha waigizaji kuanzia mwaka 1947. Baadaye akawa gavana wa California, na kuanzia 1981 hadi 1989 Rais wa Marekani. Habari zake hufundisha usemi "run for office". "Run" ni kukimbia, lakini hapa ni kugombea. Waingereza hupendelea kusema "stand for election", kana kwamba mgombea wao amesimama na yule wa Marekani anakimbia. Mwaka 1980 Reagan alishinda katika majimbo 44 kati ya 50. Ushindi wa namna hiyo huitwa "landslide", neno ambalo kwa asili ni maporomoko ya ardhi. Kiswahili husema ushindi wa kishindo.

Mwigizaji Arnold Schwarzenegger naye alichaguliwa kuwa gavana wa California Oktoba 2003, katika kura iliyoitwa "recall". Neno hilo huweza kuwa kukumbuka au kuita tena. Katika siasa ni haki ya wapigakura kumwondoa kiongozi kabla ya muda wake kwisha, na ndivyo alivyoondolewa gavana Gray Davis.

Mgomo, kususia na kupiga marufuku

Mwaka 2023 watunzi wa Hollywood waligoma kuanzia Mei hadi Septemba, na waigizaji kuanzia Julai hadi Novemba, wakidai malipo bora na kinga dhidi ya matumizi ya akili bandia. Mgomo ni "strike", ingawa kitenzi hicho kwa kawaida ni kupiga. Msitari wa wagomaji wanaosimama na mabango nje ya lango la kazi huitwa "picket line". Anayeuvuka ili akafanye kazi huonekana msaliti.

Kususia ni "boycott", neno lililotokana na jina la Charles Boycott, msimamizi wa mashamba nchini Ireland, ambaye wapangaji na majirani walimtenga mwaka 1880. Lilivuma tena mwaka 2016, baadhi ya wasanii waliposusia sherehe za Oscar kwa sababu wateuliwa wote 20 wa uigizaji walikuwa wazungu.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Mwaka 2018 bodi ya filamu ya Kenya ilipiga marufuku filamu "Rafiki" ya Wanuri Kahiu. Marufuku ni "ban". Septemba mwaka huo, Mahakama Kuu iliisimamisha amri hiyo kwa siku saba ili filamu ioneshwe nyumbani na kutimiza sharti la Oscar. Magazeti ya Kiingereza yalitumia kitenzi "lift", ambacho ni kuinua, lakini kikiandamana na "ban" ni kuondoa.

Namna ya kusoma

Vichwa vya habari vya Kiingereza vina sarufi yake. Kitenzi cha wakati uliopo husimulia jambo lililokwisha kutokea: "Actor quits" ni mwigizaji amejiuzulu. Kitenzi kinachotanguliwa na "to" huonesha jambo lijalo: "Star to run" ni nyota atagombea. Aidha, maneno mafupi hupendwa: "row" ni mzozo, "probe" ni uchunguzi, na "bid" ni jitihada ya kupata kitu.

Inafaa mwanafunzi asome kwanza habari hiyo kwa Kiswahili, kisha aisome kwa Kiingereza akiwa tayari anajua kilichotokea. Aandike sentensi nzima daftarini badala ya neno pekee, kwani "run", "credit" na "strike" hazina maana moja mpaka zipate majirani zake. Maneno matano kwa siku yanatosha. Haba na haba hujaza kibaba.