Risasi za kusubu: Jinsi zilivyochaguliwa na kushindiliwa katika bunduki ya Martini-Henry

Katika Kiswahili neno risasi lina maana mbili. Ni madini mazito ya rangi ya kijivu, na pia ni kile kinachotoka katika mtutu wa bunduki. Maana hizo hazikukutana kwa sadfa, kwani kwa karne nyingi kilichofyatuliwa kilikuwa ni madini hayo, yakayeyushwa motoni na kusubiwa katika kalibu.

Majeshi ya siku hizi hutumia risasi zilizovikwa ganda jembamba la shaba. Hata hivyo, wapo walenga shabaha na wahifadhi wa silaha za kale, hasa Uingereza na Marekani, ambao hadi leo husubu risasi zao kwa ajili ya bunduki kubwa zinazotiwa risasi moja baada ya nyingine.

Mojawapo ya bunduki hizo ni Martini-Henry, ambayo jeshi la Uingereza liliikubali mwaka 1871. Jina lake latokana na watu wawili. Friedrich von Martini, aliyefanya kazi yake Uswisi, aliendeleza ubunifu wa Mmarekani Henry Peabody na kuunda mtambo unaofunguliwa kwa wenzo ulio chini ya bunduki. Naye Alexander Henry, fundi wa mjini Edinburgh, alibuni mtutu wenye mifuo saba ndani yake.

Tundu la mtutu huo lina upana wa inchi 0.45, yaani zaidi kidogo ya milimita 11. Mifuo yake hujipinda mzunguko mmoja kwa kila inchi 22, na ndiyo inayoizungusha risasi ili iende moja kwa moja bila kupinduka hewani.

Ugumu wa risasi

Jambo la kwanza ambalo msubu hulazimika kuamua ni ugumu wa madini yake. Risasi tupu huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi na ni laini kiasi kwamba ukucha waweza kuikwaruza. Ulaini huo una faida. Baruti inapolipuka, gesi huisukuma risasi kwa nguvu hadi kitako chake kinatanuka na kujaza mifuo, hivyo gesi haipati upenyo wa kupita kandokando.

Lakini ikiwa laini kupita kiasi, risasi hujipaka ndani ya mtutu na kuacha utando unaoharibu shabaha. Ikiwa ngumu kupita kiasi, haitanuki. Gesi hupenya ubavuni mwake, huiyeyusha kingo, na tatizo likawa lile lile.

Kwa sababu hiyo, Waingereza walichanganya sehemu 12 za risasi na sehemu moja ya bati halisi, ambalo si mabati ya kuezekea nyumba. Bati huongeza ugumu kwa kadiri, na pia husaidia madini yaliyoyeyuka kuingia katika kila pembe ya kalibu. Wasubu wengine huongeza antimoni, ambayo hukaza risasi zaidi, lakini kwa baruti nyeusi mchanganyiko wa bati pekee hutosha.

Uzito na urefu

Risasi ya Martini-Henry ilikuwa na uzito wa greni 480, ambazo ni gramu 31. Uzito huenda sambamba na urefu, kwa kuwa kipenyo hakibadiliki. Kadiri risasi inavyokuwa ndefu, ndivyo inavyohitaji kuzungushwa kwa kasi ili itulie. Hivyo msubu hawezi kuchagua uzito aupendao bila kwanza kujua jinsi mifuo ya mtutu wake inavyojipinda.

Askari waliobeba karabini, yaani bunduki fupi na nyepesi, walipewa risasi ya greni 410 na baruti greni 70 badala ya 85. Sababu yake ni kwamba bunduki nyepesi hurudi nyuma kwa kishindo kikali na kumuumiza bega mfyatuaji.

Karatasi, nta na baruti

Risasi hiyo haikugusana na chuma ikiwa tupu. Ilizungushiwa karatasi ambayo ilishika mifuo na kuchanika mara risasi ilipotoka mtutuni. Nyuma yake kuliwekwa kisahani cha nta ya nyuki kilicholainisha njia.

Suala la mafuta halikuwa dogo. Mwaka 1857 askari wa India waliokuwa chini ya Waingereza waliasi. Mojawapo ya sababu ilikuwa habari zilizoenea kwamba karatasi za risasi za bunduki ya Enfield, walizotakiwa kuzirarua kwa meno, zilipakwa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe. Jambo hilo liliwachukiza Wahindu na Waislamu vile vile.

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura asilimia 75, makaa asilimia 15 na kiberiti asilimia 10. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa masizi na moshi mzito baada ya kuungua. Masizi hayo yakikauka mtutuni, risasi inayofuata hukosa shabaha. Hapo ndipo nta hufanya kazi yake, kwa kuyaweka katika hali ya unyevu na ulaini.

Kanuni ya kushindilia ni moja: pasiwe na nafasi tupu kati ya baruti na risasi. Nafasi hiyo yaweza kuufanya mtutu uvimbe au upasuke. Aidha, baruti ya kisasa isiyotoa moshi haiwezi kutiwa katika bunduki ya kale kwa kipimo cha baruti nyeusi. Nguvu yake ni kubwa mno na yaweza kumuua anayefyatua.

Hata ganda lina uzito wake katika hesabu. Maganda ya mwanzo yalikuwa ya bamba jembamba la shaba ya njano lililoviringishwa. Katika vita vya Abu Klea nchini Sudan, Januari 1885, maganda hayo yalinasa katika bunduki zilizopata joto na mchanga, askari wakabaki na silaha zisizofyatuka huku adui yu mbele yao. Baadaye yalitengenezwa maganda ya kipande kimoja.

Afrika Mashariki

Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ulizuia kuingizwa kwa bunduki za mifuo katika eneo la Afrika lililo kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Wafanyabiashara waliruhusiwa kuuza magobori ya jiwe yasiyo na mifuo na baruti ya kawaida. Hivyo tofauti kati ya mtutu laini na mtutu wa mifuo ikageuka tofauti kati ya mtawaliwa na mtawala.

Karabini ya Martini ilitumika pia Tsavo. Desemba 29, 1898, Luteni Kanali J.H. Patterson alimuua simba wa pili kati ya wale wawili waliowala wajenzi wa reli. Baada ya kumjeruhi kwa bunduki nyingine, alimmaliza kwa karabini hiyo.

Hatari iliyopo

Mvuke na vumbi la risasi ni sumu inayodhuru ubongo, hasa wa watoto. Wakenya walijifunza hayo kwa uchungu katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo, lakini Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024.

Ndiyo sababu wasubu waangalifu hufanyia kazi mahali penye upepo wa kutosha, hawali wala kuvuta sigara wakiwa kazini, na hunawa kabla ya kugusa chakula. Huepuka pia maji karibu na sufuria, kwani tone moja likizama katika risasi iliyoyeyuka huirusha usoni.

Hapa Kenya uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hairuhusu mtu kumiliki bunduki wala risasi bila cheti. Anayekuta bunduki au risasi za kale katika masanduku ya mababu asizigonge, asizichome moto wala asijaribu kuzifungua. Baruti ya kale yaweza kuwaka hata baada ya miaka mia moja. Aziache hapo zilipo na kuwaarifu polisi.