Fistula na maana ya «kushindwa kuzuia haja»

Mtu mzima anapotokwa na mkojo au kinyesi bila kutaka, Kiswahili cha hospitalini husema ameshindwa kuzuia haja. Ni istilahi yenye staha. Neno haja humsitiri mgonjwa, na humwepusha muuguzi kutamka «kujikojolea» mbele ya mama wa watu. Kasoro iko kwenye kitenzi: anayeshindwa ni mtu, na kwa baadhi ya wagonjwa hilo si kweli.

Chukua mama wa kijiji cha mbali huko Mkalama au Itigi, mkoani Singida, aliyekaa na uchungu siku mbili kabla ya kupata usafiri wa kumfikisha hospitali. Kichwa cha mtoto kimekwama na kukandamiza kibofu kwenye mfupa wa nyonga. Damu haipiti, nyama ya hapo inakufa, na baada ya siku kadhaa inamomonyoka. Mara nyingi mtoto huzaliwa amekufa. Mama hubaki na tundu kati ya kibofu na uke, mkojo ukichuruzika usiku na mchana. Msuli unaofunga kibofu unaweza kuwa mzima kabisa, ila mkojo haupiti tena kwake. Kumwuliza mama huyo kwa nini hajizuii ni kumwonea. Tundu likiwa upande wa nyuma, kinyesi na hewa hupitia ukeni.

Hiyo ndiyo fistula ya uzazi. Kwa Kilatini fistula ni bomba au filimbi ya mwanzi. Kamusi za zamani za Kiswahili zina nasuri, lenye asili ya Kiarabu, lakini wodini neno hilo halikushika. Hata mabango ya Mei 23, siku ya kimataifa ya kutokomeza ugonjwa huu, huandika fistula. Acha libaki. Kiongezo «ya uzazi» ndicho kinachobeba maana, kwa sababu fistula nyingine hutokana na jipu, saratani au upasuaji.

Wapo wanaoshindwa kuzuia kwa maana halisi: mwanamke anayevuja akikohoa au akijitwika ndoo, au aliyechanika msamba hadi msuli wa njia ya haja kubwa. Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi yeye ana hitilafu ya mishipa ya fahamu. Mzee mwenye tezi dume iliyovimba ana shida iliyo kinyume: mkojo hautoki vizuri, kibofu kinajaa hadi kufurika.

Kwa hiyo swali la mhudumu lina uzito. «Unashindwa kuzuia mkojo?» huleta ndiyo kwa wote hao. «Mkojo unatoka muda wote, hata umelala, na ulianza baada ya kujifungua?» humtambua mwenye fistula haraka zaidi.

Kumtambua mapema kuna faida: tundu dogo na bichi huweza kujifunga lenyewe mgonjwa akiwekewa mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa. Lililokomaa huhitaji upasuaji. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, huufanya bila malipo, lakini kutoka Singida ni takriban kilomita 700, na nauli iliwakwamisha wengi. CCBRT ikaanza kutuma nauli kwa M-Pesa: mtu wa kujitolea kijijini hupokea fedha kwenye simu, humkatia mgonjwa tiketi, na basi likifika mjini mgonjwa hupokelewa na kupelekwa hospitali.